Kopo Moja Mezani

Miles City, Montana
9 Aprili 2023

Shangazi Ardith,

Shikamoo, na Mjomba Rolf mpe salamu zangu kabla hajatoka kwenda kukagua mifereji, maana najua unaposoma haya ameshavaa buti na yuko mlangoni. Sisi huku hatujambo. Barafu ya mtoni ilivunjika wiki iliyopita ikaondoka na kipande cha uzio wa jirani, naye ameamua kunilaumu mimi. Goti la Carleen limepona, sasa anapanda ngazi bila kulitukana. Karakana imejaa matrekta. Wakulima hukaa majira yote ya baridi bila kukumbuka kwamba trekta linavuja, halafu wote wanalikumbuka asubuhi moja.

Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako havielewani tena, na Mjomba Rolf akisimama katikati kupeleka maneno, nusu yake anayala njiani. Usimwambie nimesema hivyo.

Neno lenyewe ni hili. Baruti ya kopo jekundu imekwisha duniani. Delmar, mwenye duka la bunduki hapa mjini, anasema kiwanda kimeacha kuitengeneza na hakina mpango wa kuirudia. Mimi nimebakiwa na vumbi la chini ya kopo. Unajua bunduki ya Baba haijawahi kula kitu kingine. Tangu nikiwa mtoto ni baruti hiyo hiyo, kichwa cha risasi kile kile, na mkono uliokuwa ukishindilia baruti ndani ya maganda ni wako. Sasa klabu yenu inaanzisha shindano la yadi mia sita kwa jina la Baba, mwanzoni mwa Septemba, na mimi sitaki kufika pale na bunduki ya Reinhold Schwindt nikitawanya risasi kama mtu anayelisha kuku. Nimekaa miaka miwili tangu tumzike bila kuifyatua. Nataka siku hiyo nipige vizuri, basi.

Delmar ana tatu za kuniuzia: ya kopo la bluu, ya kopo jeusi, na nyingine ya mtungi mweupe ambayo anaisifia mno mpaka naiogopa. Kwenye ile orodha ya ukutani inayopanga baruti kwa kasi ya kuungua, ya kopo jeusi imekaa jirani kabisa na yetu ya zamani. Nichukue hiyo? Na nitumie uzito ule ule tuliozoea?

Nangoja neno lako.

Mwanao,
Verlin


Torrington, Wyoming
30 Aprili 2023

Verlin, baba,

Marahaba. Tuko wazima, upepo tu ndio unaotusumbua. Rolf amepanda viazi sukari na sasa anasimama dirishani kuvitazama, utadhani vitaota haraka vikiona anangoja. Twila wetu amenunua mbwa wa tatu. Mumewe hakuulizwa. Jumapili kanisani tulikula mikate ya kabichi na nyama iliyopikwa na mke wa mchungaji, na sitasema zaidi, kwa kuwa ni mama mwema.

Nimelisoma swali lako la mwisho nikaketi kitako. Uzito ule ule wa zamani kwenye baruti mpya? Nani alikulea wewe? Watu wanapoteza vidole kwa swali kama hilo, tena wao hawakuwa na shangazi wa kumuuliza.

Sikiliza. Ile orodha ya ukutani inakuambia nani anamtangulia nani. Haikuambii kamtangulia kwa kiasi gani. Wawili wanaweza kufuatana pale na mmoja akawa na hasira kuliko mwenzake. Kwa hiyo orodha ni ya kukupeleka mtaa, siyo mlango. Mlango utauona kwenye kitabu cha watengenezaji wa vichwa vya risasi. Tafuta kichwa chetu, uzito wetu, halafu uone baruti zipi wamezijaribu nacho wao wenyewe. Isiyomo kitabuni iache kwa Delmar. Iliyomo, anza na kiwango cha chini kabisa walichoandika, upande kidogo kidogo, na kila hatua utazame fataki iliyo kwenye kitako cha ganda na usikilize komeo la bunduki. Fataki ikibanwa bapa au komeo likiwa zito kufunguka, umeshapitiliza. Unaacha hapo hapo, unarudi nyumbani.

Halafu angalia na umbo la baruti yenyewe. Vijiti virefu vinakatwa ndani ya kipimio vikiteremka kuelekea kwenye ganda, na kila mshindilio unatoka na uzito wake. Vijiti vifupi vinateremka vizuri. Angalia pia inajaza ganda kiasi gani. Mimi napenda baruti iliyokaribia shingo, siyo ile inayolala upande mmoja kama Rolf kwenye kochi. Na la mwisho, joto. Wewe unajaribu Aprili na kofia masikioni, shindano ni wakati ambao uwanja wa klabu ni tanuri. Kuna baruti zikipata jua zinabadilika tabia. Jaribu kwenye baridi, kisha ungoje ujaribu kwenye joto, ndipo uchague. Ule mtungi mweupe umuachie Delmar aendelee kuusifia.

Mimi nimeshanunua ya bluu. Sikuambii uichague, nakuambia nimeinunua.

Ukishaujua uzito niandikie, nikushindilie za mashindano mwenyewe, na jina langu juu ya boksi kama nilivyokuwa nikimfanyia baba yako. Usikubali risasi za Delmar wala za mtu yeyote anayekuambia zake ni nzuri. Mimi katika maisha yangu sijawahi kufyatua risasi iliyoshindiliwa na mkono usio wangu, hata wa Rolf, ambaye tumelala kitanda kimoja tangu nikiwa na kiuno.

Na ukikaa mezani usisahau sheria ya baba yako. Kopo moja mezani, mengine yote yawe kabatini, na kikaratasi chenye jina la baruti kitumbukizwe juu ya kipimio ili ujue kilicho ndani. Ukimaliza unakimwaga kipimio mpaka kinalia kitupu. Kaka yangu alikuwa mvivu kwa mengi, lakini kwa hilo nilikuwa namsikiliza.

Mimi,
Shangazi yako


Miles City
21 Mei 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaripiwa na nimesikia. Carleen aliisoma barua yako kwa sauti wakati tunakula, akarudia mara mbili pale pa kiuno. Anakusalimu sana. Kazi imepungua kidogo, wenye matrekta sasa wako shambani wanayaharibu upya.

Nilifanya ulivyosema. Kitabuni zimo ya bluu na ya nyeusi, mtungi mweupe haumo. Nikaanza chini, nikapanda taratibu, kopo moja mezani na kikaratasi ndani ya kipimio. Nilipiga asubuhi, majani yakiwa bado na umande. Zote mbili zilipiga vizuri, nyeusi ikaizidi bluu kidogo. Nikakaribia kufunga mjadala. Lakini uliniambia ningoje joto, kwa hiyo nikangoja. Juma lililopita jua liliwaka kweli, nikarudi na risasi za makundi yale yale. Ya bluu ilipiga pale pale, matundu yote yakafunikika na kifuniko cha mtungi wa achali. Ya nyeusi ilipanda juu, na kile kifaa cha kupima mwendo kikaonyesha kila risasi ikikimbia kuliko ilivyokimbia kwenye baridi. Kama ningechagua asubuhi ile ya umande ningekuja kuaibika mbele ya watu wote waliomjua Baba.

Kwa hiyo ni ya bluu. Uzito nimeuandika kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha hii, umo katikati ya viwango vya kitabuni, haugusi juu. Naomba unishindilie kama ulivyoahidi. Ningeweza mwenyewe, ila nataka boksi lenye jina lako siku hiyo.

Kuna kitu kingine. Barua yako ya mwisho umeandika herufi kubwa kama tangazo la mnada, na mistari inateremka kwenda kona. Na Twila alimwambia Carleen kwamba Mjomba Rolf alikupeleka Scottsbluff kwa daktari, tena zaidi ya mara moja, na kwamba siku hizi ni yeye anayeendesha gari. Kuna nini, Shangazi?

Verlin


Torrington
2 Julai 2023

Verlin, baba,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Tulipata mvua ya mawe iliyoyachana majani ya viazi sukari yote ya upande wa mashariki. Rolf alitembea kwenye matuta siku nzima, halafu akaja kula, akasema vitachipua. Nadhani kweli vitachipua, ila uso wake ulinihuzunisha.

Twila ana mdomo. Ulikuwa hivyo tangu anazaliwa, nilimwona nao. Herufi ni kubwa kwa sababu kalamu ni mpya na inatiririka. Rolf anaendesha gari kwa sababu anapenda.

Umechagua vizuri. Ningekuambia bluu tangu mwanzo, lakini mtu aliyeambiwa hajui sababu yake, na mwaka mwingine bluu nayo itakwisha na mimi nitakuwa wapi?

Risasi zako ziko tayari. Mume wa Twila anapita huko akienda Billings, atakuletea boksi. Nimezishindilia juma lililopita kwa siku mbili. Nilianza na zako, zangu zikafuata. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshindilia chache za bunduki ndogo ya panya wa mashimo, maana wanamchimbia Rolf ukingo wa mfereji mpaka maji yanatoroka. Ilikuwa siku za joto, nilichoka kuliko nilivyozoea, lakini mizani yangu ni ile ile na kila moja nimeipima.

Uje mapema Ijumaa ile ya kabla ya shindano tule pamoja. Nitapika mikate ya kabichi inayoliwa.

Shangazi yako


Miles City
16 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Unajua kwamba nimeshapiga simu, na kwamba Mjomba Rolf amelichukua boksi lako la risasi akalitia mahali ambapo hataki kukuambia. Usimkasirikie. Mimi ndiye niliyemwomba. Alisema umekaa jikoni na hutaki kusogea karibu na simu, kwa hiyo naandika yote ili uyapate kutoka kwangu mwenyewe.

Mimi mzima. Anza na hilo. Nina mkwaruzo kiganjani kwa kuligonga komeo, basi.

Nilikwenda uwanjani Jumamosi. Unajua Baba alivyokuwa akilianza boksi kwa safu ya nyuma, na mimi nimerithi tabia hiyo bila kujua sababu. Risasi zako zilikuwa zinapiga vizuri kuliko nilizoshindilia mimi, nikawa nafurahi, nikawa nawaza namna nitakavyokuandikia nikusifu. Nikafika safu ya kwanza, ile unayoanza kuijaza wewe. Ya kwanza kuipiga kutoka safu hiyo ilinipiga bega tofauti, na komeo likagoma. Ilibidi niligonge kwa kiganja. Fataki ilikuwa imebanwa bapa kabisa. Nikaacha hapo hapo, nikarudi nyumbani, kama ulivyonifundisha.

Nyumbani nikazifungua zilizobaki, moja moja, nikamwaga kila moja kwenye karatasi nyeupe. Zilibaki tatu. Ya kwanza ilikuwa vijiti vya bluu na punje za mviringo ndani yake. Ya pili punje zilikuwa nyingi kuliko vijiti. Ya mwisho, ile ya kona ya boksi, ilikuwa punje tupu. Ni ile baruti ya bunduki ndogo, inayoungua haraka. Nimekaa nayo mezani muda mrefu, Shangazi, nikiitazama. Carleen alikuja akaniuliza ni nini, na nilipomwambia alitoka nje akakaa kwenye gari.

Nimefikiri. Labda kopo la bluu lilitoka kiwandani limechanganyika. Mambo hayo yanasikika. Au kipimio kimelegea ndani, kina mahali panapoficha punje. Mjomba anaweza kukitazama. Mtu yeyote angeweza kupatwa na hili.

Niandikie, tafadhali.

Verlin


Miles City
6 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua. Kila siku nakwenda kwenye sanduku nakuta tangazo la mashine za kukatia nyasi. Carleen amefungia maharagwe kwenye chupa nyingi mpaka stoo imejaa, na paka amezaa kwenye kisanduku changu cha spana. Huku mavuno ya ngano yameanza na kazini hatupumui.

Twila anasema hujaonekana kanisani. Mjomba kwenye simu anasema uko sawa, kisha anakohoa. Sina hasira nawe hata chembe. Kama unadhani ninayo, umekosea, na ni mara yako ya kwanza kunikosea. Nisipopata neno kufikia Jumamosi ya pili kutoka leo, naomba ruhusa na ninakuja, mavuno au si mavuno.

Verlin


Torrington
13 Agosti 2023

Verlin,

Ni mimi Rolf ninayeandika. Shangazi yako anasema, mimi naandika. Ameniambia niandike kila neno bila kupunguza, na anataka nikimaliza nimsomee. Viazi sukari vimechipua. Hilo nimeliongeza mwenyewe.

Baba, marahaba.

Usinidanganye. Kiwanda hakikuchanganya kitu, na kipimio changu hakina mahali pa kuficha punje. Nilikinunua kabla hujazaliwa na nakijua kuliko ninavyoijua sura ya mchungaji. Uliandika vile kwa upendo na nilipoisikia ikisomwa nilichukia, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyosema na mtoto aliyejikojolea.

Kilichotokea ni hiki. Nilimaliza zile za panya, nikachoka, sikukimwaga kipimio. Sikutumbukiza kikaratasi, maana kukiandika kulikuwa kumeanza kunichukua muda mrefu. Kesho yake nikatazama ndani nikaona kitupu. Hakikuwa kitupu. Kulikuwa na masalia chini, nikamimina bluu juu yake. Masalia yakatoka kwanza, na nilianza na zako. Nilianza na zako kwa sababu ni za mtoto wa Reinhold na nilitaka mkono wangu uwe bado haujachoka. Kwa hiyo zangu zilikuwa salama, na ile ya kona niliyokuwekea wewe ingeweza kukuondolea uso. Nimelifikiria hilo kila asubuhi. Ndiyo maana sikuandika. Sikuwa nimekasirika, nilikuwa naona haya.

Sasa la Scottsbluff. Katikati ya macho yangu pamekufa. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto linalifuata. Nikikutazama usoni naona masikio yako na ukuta, katikati hamna kitu. Mizani naisoma kwa kuitazama kwa pembeni, kama kuku. Daktari anasema pembeni patabaki, sitakuwa kipofu wa kushika fimbo. Nilimwuliza kuhusu kulenga akaniuliza nina miaka mingapi, nikamwambia hilo halikuwa swali langu. Rolf nilimkataza kusema, naye alinitii. (Hapa amenigonga na kitambaa cha vyombo. R.)

Risasi zangu zote Rolf amezifungua, na baruti ameimwaga kwenye bustani ya kabichi. Wanasema inarutubisha. Mashine ya kushindilia, mizani, kipimio, na kabati lenyewe, ni vyako. Uje na lori, siyo na gari la Carleen. Sitaki shukrani na sitaki uniulize kama nina hakika.

Klabu wamempigia Rolf. Wanataka mkubwa kwa umri kuliko wote ndiye afungue shindano kwa kupiga risasi ya kwanza, kwenye kilima, bila shabaha. Niliwakatalia. Halafu nikafikiri kwamba ni siku ya kaka yangu, na kilima nakiona vizuri, ni kikubwa na kiko pembeni pote.

Bunduki ninayo. Risasi sina. Nataka unishindilie moja.

Ardith
(kwa mkono wa Rolf)


Miles City
27 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo, na Mjomba pole kwa kitambaa.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama barabarani kwenye sanduku, na lori la mbolea likapita likaninyunyizia vumbi, nikaendelea kusoma. Nililia, na sioni sababu ya kukuficha.

Nimeshindilia. Nilisubiri Jumapili ambayo sina kazi na sijachoka. Carleen alichukua makopo mengine yote akayafungia kabatini, ufunguo akauweka mfukoni mwake. Kopo la bluu peke yake mezani. Kikaratasi nilikiandika kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Niliyatazama maganda ndani moja moja kwa tochi kabla ya kufunga kichwa. Kwa kuwa bunduki yako siyo ya Baba na ina ubishi wake, nimeanza chini kabisa kwenye kitabu na nikabaki hapo. Kilima hakihitaji zaidi.

Sikushindilia moja. Nilishindilia kumi kwa mpangilio ule ule, na nilimwomba Mjomba amtume mume wa Twila na bunduki yako tukutane Sheridan jana. Wewe uliambiwa ameipeleka kutiwa mafuta. Tisa nimezipiga mwenyewe, shavu langu kwenye kitako cha bunduki yako, kwenye jua kali. Komeo lilifunguka kwa kidole kimoja kila mara. Ya kumi ni yako. Iko kwenye boksi peke yake na jina langu juu ya kifuniko.

Tunakuja Ijumaa. Na lori.

Verlin


Torrington
10 Septemba 2023

Verlin,

Rolf tena. Tumebaki na mikate ya kabichi ya kulisha jeshi, Carleen angechukua zaidi. Chumba cha kabati kinaonekana kikubwa sana. Shangazi yako ameingia humo mara kadhaa akatoka, kisha jana akasema tuweke mbegu humo. Mbwa wa nne wa Twila amefika.

Anasema kuwa wa tatu kati ya watu wote wale si vibaya, na kwamba ungekuwa wa pili kama ungemsikiliza alipokuambia upepo umegeuka. Alikuwa amekaa nyuma yako na aliusikia shavuni. Anasema bluu ilikaa pale pale joto lote lile, na yule bwana wa Casper aliyekuwa na mtungi mweupe ulimwona mwenyewe alivyotawanya.

Mimi naongeza langu. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake, hukuona. Alipolifungua boksi lako alikaa na ile risasi kiganjani muda mrefu mpaka mwenye filimbi akanitazama. Miaka yote nimeishi naye, nikipewa risasi yangu mkononi kutoka mezani kwake, sijamwona akichukua ya mtu. Akapitisha kidole kwenye kitako chake kuisikia fataki, akakipitisha shingoni. Akaingiza, akapiga, vumbi likatoka kilimani. Halafu hakulitupa ganda. Liko mfukoni mwa aproni yake, na nilipotaka kufua alinizuia.

Amesema nimpe kalamu, anataka kumalizia mwenyewe. Hii inayofuata siyo yangu.

VERLIN BABA
ILIKUWA NZURI.
ZA MWAKANI UANZE MAPEMA.
NATAKA BOKSI ZIMA.